Ile Shisha Isiyochanganywa Kitu

Nyanya zikipata bei, Ilula, wilayani Kilolo, hailali. Malori yaliyopanda mlima wa Kitonga yanasubiri mzigo hadi usiku wa manane, madalali wanahesabu matenga kwa tochi za simu, na kijana aliyeshinda shambani na bomba la dawa mgongoni anashika fedha ambayo baba yake hakuwahi kuishika kwa msimu mmoja. Fedha hiyo ina njia zake. Nyingine inaishia kwenye bati na mbolea, nyingine inalipa ada ya mdogo mtu, na nyingine inapanda gari Jumamosi jioni kwenda Iringa mjini, mwendo usiofika saa moja, kula bata. Siku hizi bata wa Iringa, sawa na wa Mbeya, anakuja na shisha pembeni.

Nimekuwa nikiwadodosa vijana hawa, wa Kilolo na wenzao walioko vyuoni Iringa na Mbeya. Wanaodhani tatizo ni ujinga wanakosea. Kijana wa miaka 22 leo anaijua hatari ya sigara kuliko baba yake alivyoijua katika umri huo. Atakutajia kansa ya mapafu, atakutajia presha, atamnunia abiria anayewasha sigara karibu na dirisha la basi. Kijana huyohuyo, saa nne usiku, ameshika mpira wa shisha anapuliza moshi juu ya meza, na ukimuuliza anakushangaa: mjomba, hii ni fleva tu. Akiona hujaridhika anaongeza utetezi ambao nimeusikia kwa watu wengi mno: ya hapa haichanganywi kitu.

Utetezi huo hawakuubuni wao. Tumewapa sisi watu wazima, na serikali ikiwa mbele.

Turudi nyuma kidogo. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kupiga marufuku shisha, na Paul Makonda, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, akalivalia njuga suala hilo. Novemba mwaka huohuo Makonda alidai hadharani kwamba wafanyabiashara wa shisha walitaka kumhonga shilingi milioni 50 ili awaache. Magazeti yaliuza. Sababu iliyosikika kuliko zote kwenye matamko ya wakati ule ilikuwa kwamba shisha inachanganywa na dawa za kulevya: bangi, heroini, na kadhalika. Wazazi walitishika, masheikh na wachungaji wakaunga mkono, polisi wakabeba mabomba ya vioo kwenye karandinga. Kisha ikapoa. Leo shisha inavutwa waziwazi katika miji mingi ya nchi hii, na mwenye baa anaitaja kwenye tangazo lake pamoja na nyama choma na mpira wa Ulaya.

Mimi sipingi kwamba kuna wanaochanganya. Wapo, na wakikamatwa wafungwe. Lakini fikiria kijana anayetusikiliza. Tumemwambia kwa miaka mingi kwamba ubaya wa shisha ni kile kinachotiwa ndani yake. Naye anakwenda kwenye meza, anamuuliza mhudumu, mhudumu anaapa kwamba hakuna kitu. Anavuta, halewi kama mla unga, kesho yake anaamka na kwenda kazini. Hesabu yake inakuwa rahisi: kama ubaya ni mchanganyiko, na hii haina mchanganyiko, basi hii haina ubaya. Tulipokuwa tunapiga kelele kuhusu heroini, tumbaku ilipita katikati yetu na kuketi mezani, na hakuna aliyeiuliza jina.

Kwa maana ndani ya kile kichwa cha bomba la shisha kuna tumbaku. Niliwahi kukaa karibu na kaunta kumtazama mhudumu akiiandaa, na nawashauri wazazi wanaolalamika wafanye hivyo siku moja badala ya kusimuliwa. Kichwa ni kikombe kidogo cha udongo chenye matundu chini. Mhudumu anafungua kopo la plastiki, anachota kwa uma majani yaliyokatwakatwa, ya rangi ya kahawia nyekundu, yaliyolowa sharubati hadi yananata kwenye meno ya uma. Harufu inayotoka ni ya tufaha na mnanaa. Hata mtu asiyependa moshi angetaka kuonja. Anayapanga bila kuyashindilia, anafunika kwa karatasi ya foili, anaivuta ikaze kama ngozi ya ngoma, anaitoboa matundu madogo kwa kijiti cha meno. Halafu anachukua kwa koleo vipande vya makaa vilivyoiva, anaviweka juu ya foili. Makaa hayagusi tumbaku, yanaichoma kwa kuipikia juu. Mwisho mhudumu anachomeka filta yake ya plastiki kwenye mpira na kuvuta mwenyewe, pafu baada ya pafu, hadi maji kwenye chupa yabubujike na moshi mweupe ujae. Ndipo anaipeleka mezani. Usiku huo atafanya hivyo kwa kila meza.

Mteja haoni kopo. Hili ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Pakiti ya sigara nchini hubeba onyo, na mvutaji hukutana nalo kila anapotoa sigara mfukoni. Onyo la shisha, kama lipo, limebandikwa kwenye kopo lililoko chini ya kaunta, anakolisoma mhudumu peke yake, naye hana muda. Kinachofika mezani ni chupa ya rangi, taa ya bluu ndani ya maji, na jina la tunda.

Na hayo majina ya matunda yana historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaamini shisha ni utamaduni wa kale wa Kiarabu uliokuja ulivyo. Bomba ni la kale kweli. Ila hii tumbaku laini yenye asali na ladha, inayoitwa maaseli, ilianza kutengenezwa viwandani na kampuni za Misri mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo mvutaji wa bomba la maji alikuwa zaidi mzee wa barazani, na tumbaku yake ilikuwa kali, isiyomvutia msichana wa chuo. Ladha ndiyo iliyowafungulia vijana mlango, na runinga za setilaiti kisha intaneti zikawasindikiza. Kijana wa Kilolo anayedhani anashiriki mila ya wahenga wa Arabuni anatumia bidhaa ya kiwandani inayomzidi umri kwa miaka kumi na kadhaa tu.

Sisi wenyewe, ukitaka mila, tulikuwa na bomba la maji. Kiko cha zamani cha pwani kilikuwa na kifuu cha nazi chenye maji, bori la kuwekea tumbaku, digali la kupitishia moshi na shilamu la kuwekea mdomo, na mlio wake ulisikika hadi chumba cha pili. Huku bara wazee wetu walikuwa na viko vyao na ugoro wao. Bibi wa Kihehe mwenye kikopo cha ugoro kwenye fundo la kanga si picha ya kutunga. Wengi wetu tumekua tukitumwa kumnunulia. Na Nyanda za Juu Kusini zimeilima tumbaku kwa muda mrefu: walowezi wa Kigiriki waliikausha kwenye mabani karibu na Iringa enzi za Mwingereza, na Chunya hadi leo inaishi nayo.

Ndiyo maana nashangaa tunapojifanya tumbaku imevamia kutoka nje. Kijana wa huku anaijua. Anaijua kama harufu ya bibi, kama jasho la shamba, kama sigara ya utingo. Yaani anaijua kama kitu cha watu ambao hataki kufanana nao. Shisha inamvutia kwa sababu haifanani na hayo yote. Haina harufu ya bani. Haimfanyi aonekane utingo. Inamwonyesha akiwa ameegemea kochi na wenzake, muziki unapiga, simu iko tayari kutupia picha, na moshi ukitoka kwenye picha unapendeza kuliko bia. Ni mambo ya kishua kwa bei ya Jumamosi moja.

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi, na sijaona likisemwa vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku ya aina mojawapo: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2. Pengo hilo halikuletwa na wizara wala mabango. Limeletwa na aibu. Msichana akionekana na sigara Miyomboni, Iringa, au Mwanjelwa, Mbeya, habari zitafika kwao kabla hajafika. Ila akiwa ameshika mpira wa shisha, kwenye meza yenye wenzake wanne, hakuna anayegeuka. Kile ambacho kampuni za sigara hazikufanikiwa kukifanya kwa miongo, yaani kumkalisha mwanamke wa Kitanzania hadharani na tumbaku mdomoni bila mtu kumnyooshea kidole, mpira na ladha ya tufaha vimekifanya kimyakimya. Sisemi aibu ile ilikuwa ya haki; ilimwacha kaka yake avute atakavyo. Lakini ilikuwa inawakinga mapafu, na imeondoka bila chochote kuja mahali pake.

Sasa tuseme tumbaku tupu, isiyochanganywa kitu, inafanya nini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake kuhusu mabomba ya maji mwaka 2005 na kuyarudia kwa kina mwaka 2015. Sigara moja huvutwa kwa pafu 8 hadi 12, ndani ya dakika tano hadi saba. Kikao cha shisha huchukua dakika 20 hadi 80, na mvutaji hupiga pafu 50 hadi 200, kila moja kubwa kuliko ya sigara, kwa sababu moshi umepoa na haukwaruzi koo. Kwa ujazo, kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Nasisitiza neno ujazo, kwa kuwa wahamasishaji wetu hupenda kusema kwamba kuvuta shisha ni sawa na kuvuta sigara mia. Si sawasawa. Moshi wa shisha umezimuliwa, na sumu zake hazilingani moja kwa moja na za sigara. Kijana akienda mtandaoni akakuta umemwongezea chumvi, atakutupa pamoja na ukweli uliokuwa nao. Ukweli wenyewe unatosha: nikotini ya kumfanya ategemee ipo, lami ipo, na metali nzito zipo. Maji yanayoaminiwa kuchuja sumu kazi yake kubwa ni kuupoza moshi ili uingie ndani zaidi.

Halafu kuna makaa, na hapa mtu wa Kilolo hahitaji mtaalamu. Anayekaa Dabaga au Bomalang'ombe anajua Juni na Julai zilivyo na baridi. Anajua kwa nini mama anafoka mtoto akiingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Kila baridi inapokaza, nchini husikika familia iliyolala na jiko na haikuamka. Kinachoua pale ni hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayonyang'anya damu nafasi ya oksijeni. Hewa hiyohiyo ndiyo inayotoka kwenye yale makaa juu ya foili, na mvutaji anaivuta kwa makusudi kupitia mpira. Kile kizunguzungu ambacho vijana wanakiita stimu, kichwa kuwa chepesi, miguu kulegea, kwa sehemu ni nikotini na kwa sehemu ni damu inayokosa pumzi. Wapo waliofikishwa hospitali, katika nchi mbalimbali, wakiwa wamezimia baada ya kikao kirefu kwenye chumba kisicho na madirisha. Nao walikuwa wanavuta shisha safi. Zile zinazouzwa kwa madai kwamba hazina tumbaku kabisa, ni mitishamba tu, haziponi katika hili, kwa kuwa makaa ni yaleyale.

Jambo jingine nitalipita haraka ingawa lina uzito wake. Mpira mmoja unazunguka meza nzima. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kushirikiana bomba kunaweza kusambaza maradhi, kifua kikuu kikiwamo. Katika mikoa mingine hilo lingekuwa onyo la kawaida. Huku, ambako utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, dhidi ya wastani wa taifa wa 4.4, kifua kikuu kina watu wengi wa kuwashambulia wakiwa na kinga dhaifu. VVU havienezwi kwa kushirikiana mpira, hilo lieleweke. Kifua kikuu ndicho kinachonitia wasiwasi. Filta za plastiki zinazobadilishwa kwa kila mdomo hulinda midomo. Ndani ya mpira hakuna anayesafisha.

Kuna wanaosema tuwaache, ni watu wazima, wana fedha zao. Sina ugomvi nao sana. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, pia ni starehe, na siku za masika usinitafute nyumbani. Ila ulanzi tunaujua. Mtoto wa Kilolo anajua mtogwa, ule mtamu, ni upi na mkangafu, ule mkali, ni upi, anajua ukikaa hadi jioni utakufanya nini, na akilewa amelewa akijua. Vijana wanaukimbia siku hizi wakiuita wa kishamba, wanakwenda kununua kitu wasichokijua kwa bei ambayo, sehemu nilizoona mimi, kichwa kimoja kinaanzia elfu kumi. Mtu mzima ana haki ya kuchagua. Anayedhani anavuta matunda hajachagua tumbaku, ameuziwa.

Majirani zetu wamejaribu njia tofauti na zinafundisha. Rwanda ilipiga marufuku Desemba 2017. Kenya ikafuata mwezi huohuo, kwa kanuni zilizotolewa na waziri wa afya wa wakati huo, Cleopa Mailu. Marufuku ya Kenya ilisimama miaka kadhaa, hadi Januari 2024, pale mahakama ya Shanzu, Mombasa, ilipowaachia watu waliokuwa wamekamatwa na shisha, kwa hoja kwamba kanuni zile hazikupelekwa bungeni kama sheria inavyotaka. Waziri alitangaza, polisi wakakamata, kisha karatasi moja isiyofika bungeni ikawafungulia watu mlango. Uganda ilianza mapema zaidi: bunge lake lilipitisha sheria ya udhibiti wa tumbaku mwaka 2015, na shisha ikatajwa humo ndani, pamoja na sigara. Kampala bado inavuta, atakayebisha aende Kabalagala usiku. Hata hivyo afisa wa afya wa Uganda akiingia baa ana kifungu cha kusimamia, na kifungu hicho kinaongelea tumbaku.

Sisi tuna Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, iliyotungwa kabla shisha haijawa mtindo mijini, na tumeridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku tangu 2007. Sheria ile inakataza kuuza tumbaku kwa walio chini ya miaka 18 na inagusa uvutaji mahali pa umma. Sioni kwa nini isianze kutumika kwenye meza ya shisha kesho asubuhi, bila tamko lingine na bila kamera. Anayeuza sigara kwa mtoto ana kosa; anayemwekea mtoto kichwa cha tufaha na mnanaa ana kosa lilelile. Onyo litoke chini ya kaunta liandikwe kwenye menyu, pembeni ya bei na jina la ladha, kwa herufi zinazosomeka kwenye mwanga hafifu: hii ni tumbaku. Nadhani sentensi hiyo fupi ingewasimamisha wengi kuliko karandinga, kwa sababu wavutaji wengi ninaowajua wangeona haya kujiita wavuta tumbaku.

Halmashauri ya Kilolo nayo isisubiri Dodoma kwa kila kitu. Leseni za baa na gesti za Ilula na Ruaha Mbuyuni inazitoa yenyewe, na bwana afya wake anapita kukagua vyoo, jiko na glasi. Anazikagua glasi kweli, nimemwona akizinyanyua kwenye mwanga. Atakapokuta mabomba yamepangwa ukutani, na siku hiyo haiko mbali kwa barabara kuu inayopita hapo, aulize mpira ulioshwa lini, chumba kina madirisha mangapi, na nani anawasha. Kwa kuwa yule mhudumu anayevuta pafu za kwanza za kila meza hakuja kula bata. Amekuja kazini, mara nyingi ni kijana wa kijiji jirani, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamhusu kama inavyomhusu fundi wa kiwandani. Vipampu vya kuwashia bomba bila kutumia mdomo vipo sokoni. Mwenye baa anayeweza kununua taa za bluu za kuweka ndani ya maji anaweza kumnunulia mfanyakazi wake kimoja.